Uzinduzi wa Boila la Joto Lipotealo, Mashimoni

Mheshimiwa Bwana Chief. Mheshimiwa Msaidizi wa Bwana Chief. Mheshimiwa mwenye kiti alichokalia Msaidizi wa Bwana Chief, ambaye sasa namwona amesimama. Wazee wa kijiji wa Mashimoni na vijiji vyote vya Kibera. Wachungaji wa makanisa yaliyosajiliwa na wa yale yanayoendelea kungoja. Bi Rosebella, mwenyekiti wa akina mama. Ujumbe wa Kawangware ukiongozwa na Bi Ngina, ambao nimearifiwa umekuja kwa miguu na haukualikwa. Wanachama wenzangu wa Kamati, ambao hawakuweza kufika kwa sababu nitakazozieleza zikinibana. Wananchi watukufu wenye nyumba zilizopakwa rangi. Wananchi watukufu ambao rangi iliwaishia. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti ndogo kidogo.)

Kwa majina naitwa Lazarus Wekulo, Mkurugenzi Msaidizi wa Kazi Maalum, Kamati ya Uratibu, Usimamizi na Urejeshaji wa Joto Lipotealo Katika Mitambo ya Umeme, Kanda ya Nairobi Magharibi. Cheo hiki ni kirefu kwa sababu majukumu yake ni marefu, na hata kibao chake ilibidi kikatwe vipande viwili, kipande cha kwanza kikapigiliwa kwenye mlango wangu na cha pili kwenye mlango wa choo cha jirani, na tangu siku hiyo nimetembelewa na watu wengi kuliko afisa yeyote wa daraja langu. (Kicheko.)

Baraza hili liliitishwa saa nne asubuhi, nami nimefika saa saba. Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba sikuchelewa. Ni programu iliyowahi. Najua pia mmekuja kwa sababu mbili, na si kwa sababu ya sura yangu. Ya kwanza ni zile alama nyekundu milangoni mwenu. Ya pili ni tingatinga la Jumatatu. Hapa mfukoni, upande wa moyo, nina karatasi yenye mhuri, na aya yake ya nne inasema kwamba keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi kila nyumba yenye alama itapisha bomba la mvuke. (Makofi marefu. Vigelegele kutoka upande wa kioski cha maji.) Makofi hayo yamenishtua kidogo, lakini kwa sasa nayapokea. Tutafika kwenye aya ya nne. Katika taratibu za serikali mtu haanzi na aya ya nne. Anaanza na sera, anapitia malengo, anapumzika kwenye takwimu, na akibahatika jua linazama kabla hajafika mwisho.

Ndugu wananchi, mwaka huu wa 1980 dunia imeingia katika hali ngumu ya mafuta, hali ambayo wataalamu tunaiita kraisisi ya enaji, na ninyi mnaiita maisha. Umeme unakatwa kwa zamu. Hata jengo letu halikusamehewa, kwani mwezi wa tatu lifti ilikwama kati ya orofa ya pili na ya tatu nikiwa ndani na faili la mradi huu, na hiyo ndiyo siku mradi ulipopanda juu kuliko siku nyingine yoyote. (Kicheko.) Sasa, kule Industrial Area kuna injini inayozalisha umeme kwa mafuta, kubwa kama ya ndege, ila haiendi popote. Katika kila madebe kumi ya mafuta yanayochomwa mle ndani, mawili na nusu ndiyo yanayogeuka umeme. Saba na nusu yanatoka kwenye dohani yakiwa moshi wenye joto la digrii mia tano, yakienda kuwapasha kunguru. Kwa tathmini ya Kamati yangu, kunguru wa Industrial Area ndio kunguru wanaotumia nishati nyingi kuliko wote Afrika ya Mashariki na Kati. (Kicheko kikubwa.)

Mama anayechemsha githeri ya mahindi na maharagwe kwa jiko bovu ananielewa bila fizibiliti stadi. Moto unatokea pembeni, unapasha ukuta, unapasha paka, na githeri inabaki ngumu vilevile. Hapo ndipo dizaini yangu inapoingia, na naomba mnivumilie nijisifu kidogo, maana sina mtu mwingine wa kunisaidia kazi hiyo. Unauchukua ule moshi kabla haujafika kwa kunguru, unaupitisha ndani ya sanduku refu la chuma lililojaa mabomba membamba, na ndani ya mabomba hayo kuna maji. Maji baridi yanaingilia upande ambao moshi umekwisha kuchoka, yanapata uvuguvugu. Yanasogea katikati, yanachemka. Halafu mvuke wenyewe unapelekwa mbele kabisa, kwenye moshi mkali, unakaushwa mpaka uwe mvuke wa kufanya kazi. Ni boila lisilo na moto wake. Ni boila linaloishi kwa moto wa jirani, na teknolojia hiyo sisi watu wa Nairobi tulikuwa nayo kabla ya wazungu kuiandika. (Makofi.)

Na mtaalamu wa kweli hafyonzi joto lote. Ukiupoza moshi kupita kiasi unatoa jasho la asidi, jasho hilo linakula chuma, na baada ya miaka miwili unabaki na matundu yaliyoshikana mikono. Kwa hiyo lazima umwachie moshi joto lake kidogo atokee nalo kwa heshima. Haya yote niliyachora mwenyewe, kwa mkono huu, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwezi wa Februari, nikiwa na penseli, kifutio na elimu ya semina ya wiki mbili ambayo wiki ya kwanza yake ilikuwa ya kujiandikisha.

Malengo sasa. Mvuke utasafirishwa kwa bomba kutoka Industrial Area mpaka hapa Mashimoni. Utapika katika jiko la umma sufuria mia nane kwa siku. Utafua, utapiga pasi, utaogesha. Awamu ya pili itafika Kawangware, na kufikia mwaka wa 1985 asilimia mia moja na kumi ya wakazi watakuwa wamefaidika, kwa kuwa wengine watafaidika mara mbili. (Makofi.)

(Mzee mmoja mwenye koti kuukuu la reli ananyoosha mkono. Ni Mzee Shivachi, aliyekuwa fayamani, mtu wa kutunza moto wa garimoshi, kwa miaka ishirini na miwili mpaka injini za dizeli zilipoletwa. Anauliza mambo mawili: maji ya kulijaza boila kila siku yatatoka wapi, ikiwa Mashimoni nzima inapanga foleni ya mitungi tangu alfajiri, na mvuke ukitembea maili nne ndani ya bomba, utafika ukiwa mvuke ama utafika ukiwa maji ya kunawa.)

Mzee, nakushukuru kwa swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa pupa. Kuhusu maji, Kamati imeunda kamati ndogo. Kuhusu umbali, mvuke utasindikizwa. (Kicheko. Mzee Shivachi anaketi akitikisa kichwa.) Namaanisha bomba litavikwa magunia, litafungwa kamba, litakuwa na joto lake kama mtoto wa kwanza. Ukweli ni kwamba jibu hilo nimelitunga sasa hivi nikiwa wima mbele yenu, na nimeshangaa jinsi lilivyotoka vizuri.

Niende kwenye njia ya bomba. Njia hiyo ilipimwa kwa uangalifu mkubwa juu ya ramani, kwa rula ya mbao, na ilikuwa imenyooka kama nia yangu mpaka ilipofika kwenye uwanja wa gofu, ambapo wataalamu tulikubaliana kwa kauli moja kwamba nyasi ni kiumbe dhaifu, tukaikunja. Rula haikunjiki, kwa hiyo nilitumia ukingo wa sahani ya kikombe cha chai. Ule mkunjo wa sahani ndio uliopita katika nyumba kumi na mbili za hapa. Kumi na mbili tu, ndugu zangu. Nilimtuma karani wangu, Bwana Mulwa huyu aliyesimama nyuma yangu akitazama viatu vyake, na kopo la rangi nyekundu, atie alama milango kumi na miwili.

Lakini ninyi mnajua, nami nilipaswa kujua kwa sababu nimepanga chumba Kawangware miaka sita, kwamba katika mitaa hii rangi mlangoni haiogopwi. Nyumba ikiandikwa, mwenyewe amehesabiwa. Aliyehesabiwa yumo kwenye orodha. Aliyemo kwenye orodha iko siku ataitwa akaonyeshwe ploti yenye mfereji wa maji na choo cha kufunga mlango. Asiyepakwa ndiye wa kuhurumiwa. Kwa hiyo Mulwa alipomaliza mlango wa kumi na mbili akageuka, alikuta foleni. Wa kumi na tatu alimpa uji. Wa ishirini alimshika kiganja akakiongoza mwenyewe mpaka kwenye mbao, kama anayemfundisha kuandika. Kopo lilipokwisha watu wakanunua rangi yao, na waliokosa nyekundu wakapaka ya chungwa, kisha wakaniandikia barua wakiomba isihesabiwe kuwa kosa. Kufikia Alhamisi tulikuwa na nyumba mia tatu na kumi na sita, ongezeko la asilimia elfu mbili mia tano thelathini na tatu, nami nikaripoti kwa wakubwa kwamba wananchi wameupokea mradi kwa moyo mkunjufu. (Makofi.) Na hawa ndugu zetu wa Kawangware wametembea mpaka hapa kulalamika kwamba wamebaguliwa, kwa kuwa kwao haujapakwa mlango hata mmoja. (Bi Ngina anainua juu brashi aliyokuja nayo.)

(Mama mmoja aliyejitanda leso anaomba kusema. Ni Mama Nereah, mjane anayekaanga samaki kando ya reli na kulea watoto wanne katika chumba kimoja cha udongo alichojenga na marehemu mumewe. Anaambiwa maswali ni mwishoni. Anasema hana swali.)

(“Mimi nataka tu kusema asante. Nimekaa hii Mashimoni miaka kumi na moja. Bwana yangu amekufa hapa, watoto nimezaa hapa, na hakuna siku mtu wa ofisi ameandika kitu kwa mlango yangu. Huyu Mulwa alikuwa ananipita. Nikamwita, nikamwambia rudi, andika. Sasa Jumatatu tukishapisha, tunaenda kuonyeshwa ploti wapi? Nataka nianze kufunga vitu.”)

(Makofi. Mkurugenzi Msaidizi anakunywa maji. Anakunywa tena.)

Ahsante, Mama Nereah. Kumbukumbu zionyeshe kwamba Mkurugenzi Msaidizi alikunywa maji.

Nilikuwa nimepanga kuzungumzia hapa mafanikio ya Kamati katika nusu ya kwanza ya mwaka, kurasa saba. Nitaziruka. Nitasoma aya ya nne, na nitaisoma yote, kwa sababu mwanzo niliisoma kwa uungwana. Inasema hivi: nyumba zote zenye alama nyekundu zibomolewe Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Nukta. Baada ya nukta kuna mhuri. Karatasi hii nimeigeuza nyuma, nimeiinua juani kama noti ya kutiliwa shaka, nimeitafuta ploti humu ndani tangu jana, na ploti haimo. Hata moja.

Ploti haimo kwa sababu bomba halipo. Bomba halipo kwa sababu boila halipo. Kwa lugha ya kitaalamu tunasema mradi uko katika hatua ya awali ya utekelezaji. Kwa lugha ya mama aliyeniuliza swali, hakuna kitu. (Minong’ono.) Kule Industrial Area moshi unatoka vilevile, na mlinzi wa geti la mtambo hajawahi kuniona. Boila lote, na sanduku lake la chuma, na mabomba yake, na jasho lake la asidi, liko nyuma ya mwezi wa Februari.

Sasa naomba wenye nyumba zilizopakwa wasikilize kwa makini. Tingatinga lenyewe ni la kweli. Lipo, lina dereva, na dereva ana nakala ya karatasi hii. Mimi mwenyewe nililiomba kwa fomu, ili faili lionekane linatembea, na fomu ya kuombea tingatinga ina nafasi ya tarehe, ya mahali na ya sahihi. Nafasi ya sababu haina. Ofisi inayolitoa, ambayo sitaitaja kwa heshima na pia kwa woga, imefungwa tangu jana mchana mpaka Jumatatu saa mbili, na saa mbili mtakuwa mmekaa juu ya magodoro yenu barabarani. Lakini dereva anafuata karatasi, na karatasi inasema nyumba yenye alama. Asipoiona alama hana kazi. Kwa hiyo rudini makwenu, chukueni kisu, chukueni mafuta ya taa, muikwangue hiyo rangi yote leo, na ya chungwa pia.

(Kelele. Hakuna anayeondoka. Sauti kutoka nyuma: “Anataka tufute ndio aandike watu wake.” Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo.)

(Mama Nereah amesimama tena. Anasema kwa upole kwamba foleni za unga zimemfundisha jambo moja: anayekwambia utoke kwenye foleni ndiye anayetaka nafasi yako. Yeye hafuti.)

Mama, ningekuwa wewe ningesema maneno hayo hayo, na pengine nisingekuwa na adabu yako. Nimesema uongo hapa kwa muda wa saa nzima na kila dakika mmenipigia makofi. Nimesema kweli dakika tatu na mnataka kunipiga mawe. Sikulaumu. Basi nitawaeleza mradi huu ulivyozaliwa, na nawaomba mniamini mahali pale tu ninapojiaibisha.

Niliajiriwa kwa sababu binamu wa mke wangu alikuwa na nafasi ya kuajiri na hakuwa na mtu mwingine asiye na kazi. Nilipewa meza, kabati na cheo cha Kazi Maalum, na kwa miezi minne hakuna aliyeniambia kazi hiyo ni ipi. Siku moja ikaja waraka kwamba kila afisa aeleze anachofanya. Ndugu zangu, mmewahi kuulizwa hivyo? Katika droo palikuwa na kijitabu cha semina, kurasa kumi na sita, nne za mwisho zikiwa matangazo ya pampu, nikaandika: narejesha joto lipotealo. Nilidhani watacheka. Walipiga mhuri. Waraka ukapanda orofa ya tano, ukapigwa mhuri mwingine, ukateremka na neno Kamati juu yake. Mhuri una tabia hiyo: wa pili unapigwa kwa sababu wa kwanza upo.

Kamati hiyo ni mimi. Wanachama wenzangu ambao hawakuweza kufika ni kabati, kiti cha wageni na koti la mvua. Tunapokutana, mimi ndiye ninayefungua kwa sala na mimi ndiye ninayeomba radhi kwa wasiohudhuria. Mwezi wa tano nilijiandikia barua kuomba nyongeza ya muda, nikajijibu kwa ukali kwamba ombi halikukubaliwa, na mniamini, niliumia. (Kicheko kidogo, cha watu wachache.) Mke wangu anafikiri naunda boila. Anawaambia majirani. Jumapili moja mchungaji aliliombea kanisani kwa jina, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na mtauliza kwa nini sikusema mapema, ilipokuwa milango kumi na miwili. Niliogopa. Nalisema neno hili bila Kiingereza ndani yake: niliogopa. Nilifikiri kuna mkubwa mmoja huko juu atakayesoma faili na kuuliza boila liko wapi, nami nitafukuzwa kwa amani. Hakuna aliyeuliza. Kila aliyelishika faili alilishika kwa kulipima uzito. Leo nimekuja hapa kusoma aya ya nne, kupungia mkono na kwenda kula. Hayo ndiyo yaliyokuwa malengo yangu ya siku.

(Sauti ya kijana: “Huyu ni msanii, anatuchezea tu.” Wengine wanaafiki. Mzee Shivachi anasimama na kuomba watu wanyamaze. Anasema yeye hana haja ya hadithi. Anataka kumuuliza Mkurugenzi jambo moja ambalo kila mtu aliyewahi kukaribia boila analijua, hata mfagiaji.)

Uliza, mzee.

(“Gejiglasi ni nini?”)

Gejiglasi. Gejiglasi, ndugu wananchi, ni kifaa muhimu sana katika sekta nzima ya mvuke, na umuhimu wake hauwezi kuelezwa kwa neno moja. Ni glasi. Ni ile glasi ambayo, kwa madhumuni ya kupima, mafundi wa boila, kwa mujibu wa afya na usalama wao, huitumia kunywea maji.

(Mzee Shivachi anacheka mpaka anashikiliwa. Anawaeleza watu kwamba gejiglasi ni ule mrija wa kioo ubavuni mwa boila unaoonyesha maji yamefika wapi. Kwamba fayamani akipanda kwenye injini jicho lake linakwenda hapo kabla ya kumsalimia dereva. Kwamba maji yakishuka usiyaone mlemle, boila linapasuka na watu wanakufa. “Mimi nimesikiza huyu mtu toka aanze,” anasema. “Nilidhani ni mwizi wa boila. Huyu hajawahi kuona boila. Hana boila, hana bomba, hana ploti ya kupatia mtu yeyote. Tufute.”)

Nakushukuru, mzee. Nimehojiwa na jopo la watu watano kupata kazi hii, yule binamu akiwa mwenyekiti, na hakuna aliyeniuliza swali hilo.

(Watu wanaanza kusimama. Bi Rosebella anagawa akina mama kwa vichochoro. Mtu anauliza nani ana mafuta ya taa. Mama Nereah hajaondoka mahali pake.)

Mama Nereah, naona unanitazama.

(“Kwa hivyo mimi ndio nilimwita.”)

Ndiyo, mama. Mulwa alikuwa anakupita.

(“Na hakuna orodha.”)

Hakuna orodha. Nilikuwa na daftari la kuhesabu alama, lakini halikuwa na jina la mtu. Nilihesabu milango tu.

(Mama Nereah anafunga leso upya. Anasema rangi itatoka, lakini yeye hataitoa. Mkono wake ulifanya kazi yake ulipomwita Mulwa. Atakayeitoa ni mwenye rangi.)

Hoja imepokelewa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kamati yangu, imepitishwa siku hiyo hiyo. Bi Ngina, naomba ujumbe wako urudi na brashi hiyo Kawangware ukapake kitanda. Bwana Mulwa, vua koti na wewe. Tuna kazi ya utekelezaji. Na wale wanaojiuliza yatanipata nini wakubwa wakija Jumatatu na kukuta milango mitupu, msijali, kwa maana siku hiyo mwenye kupisha nitakuwa mimi, na mke wangu nitamweleza mwenyewe kabla ya ibada ya kesho.

Desturi inanitaka nimalize kwa wito. Nikisema Joto, ninyi mtaitikia Lirudi. Joto! (Akina mama wanapitishiana kopo la mafuta ya taa.) Joto! (Mzee Shivachi, peke yake: “Limeshakwenda.”) Basi na tuuache wito huo katika hatua ya awali.

Kwa niaba ya Kamati ya Uratibu, Usimamizi na Urejeshaji wa Joto Lipotealo, pamoja na kabati na koti la mvua, namshukuru Bwana Chief kwa uwanja, namshukuru Mzee Shivachi kwa mtihani, na nawashukuru ninyi nyote mlioacha biashara zenu mkaja kwa wingi kuzindua boila ambalo halikujengwa, halijengwi, wala hakuna mtu duniani aliyekusudia kulijenga, nami nikiwa wa kwanza. Naomba mmoja wenu anishikie koti, na mwenye kisu butu aniazime. Mama Nereah, tafadhali tangulia. Sijui nyumba yako ni ipi.